Shingo na sahani
Maneno ya komite ya afya na msaada mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tunayachapa kama yalivyosemwa, tukiacha tu pale ambapo mvua juu ya mabati ilituzuia kusikilizana.



Leo tulipangiwa kusoma hesabu ya sanduku la msaada. Tutaisoma, mwekahazina yuko hapa na daftari yake. Lakini mbele ya hesabu tuko na deni lingine ambalo haliko kwenye daftari, na tunaomba mtupe nafasi tulieleze. Litachukua muda. Kuna mambo ya dawa na ya mwili ndani yake, na ilibidi sisi wenyewe tufundishwe na muuguzi na munganga kabla ya kuja kuwaambia. Wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango.

Wote mnaijua ile orodha ya watu dhaifu. Kila mwaka, wakati chakula cha shamba kimeisha na kingine hakijakomaa, tunagawa unga, maharagwe na mafuta kwa jamaa zisizoweza kujisimamia: wajane, wazee wasio na mtoto karibu, bamama wanaonyonyesha na mume haonekani. Katika orodha hiyo alikuwemo mama mmoja mjane wa hapa Baraka. Hatutataja jina, ingawa yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia na wengine wenu mtamtambua. Tunaomba msigeuze vichwa kumtafuta.

Watu walikuja kwetu mmoja baada ya mwingine. "Ule mama anakulaka wapi? Sisi tunakonda, yeye anavimba." Wengine walisema anauza mgawo wa wenzake. Wengine walisema kuna mtoto wake ng'ambo anayemtumia pesa kwa siri. Tukaenda kumtazama. Tulimtazama tu, hatukumwuliza kitu. Uso ulikuwa wa duara, ngozi chini ya macho imejaa, vidole vimenona mpaka pete haitoki. Tukarudi tukaandika kwenye orodha: "Yuko na njia nyingine." Tukafuta jina. Watoto wake walikosa mgawo mara mbili.

Alikuja ofisini mara moja tu. Alisema pole pole, kwa sauti nzito kama ya mtu mwenye mafua: "Mimi hata sahani moja simalizake." Mmoja wetu akacheka. Hatutasema ni nani, maana wengine tulinyamaza na kunyamaza kwetu kulikuwa kucheka.

Kilichomwokoa ni triko. Mnajua joto la hapa kando ya ziwa saa saba ya mchana. Kwenye matanga fulani yule mama alikaa juani, amevaa triko la sufi, na juu ya triko amejifunika kitenge. Binti wa mwanachama wetu mmoja, ambaye ni muuguzi na alikuwa amekuja likizo, alimwona akasogea kukaa karibu naye. Akaanza kumwuliza polepole, kama mtu anayepiga hadithi. Mama, unasikia baridi? Siku zote. Chooni unaenda? Mara moja kwa siku nne, tano. Nywele? Zinakatika. Usingizi? Ningelala mchana kutwa. Na chakula? "Sikulake sana, hamu haiko." Halafu akamwomba ruhusa akamshika shingo, hapa mbele, chini ya koo.

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa Bukavu kupitia Uvira. Jibu lilisema tezi ya shingo imelala.

Sasa tueleze hiyo tezi, kwa sababu hata sisi wa komite tulikuwa hatujui kama iko. Kila mtu yuko nayo, mwanamume na mwanamke. Iko kama kipepeo aliyetandaza mabawa juu ya bomba la kupumulia, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Waganga wanaiita tiroide. Inachukua iodi kutoka kwenye damu (ile ambayo Tanzania waliita madini joto, mliyosoma kwenye pakiti za chumvi) na kutengeneza homoni mbili. Moja ina chembe nne za iodi, inaitwa T4. Nyingine ina tatu, inaitwa T3, na ndiyo yenye nguvu zaidi. T4 nyingi hugeuzwa kuwa T3 nje ya tezi, ndani ya maini na viungo vingine.

Kazi yake? Fikirini mbabula. Makaa ni chakula ulichokula na mafuta uliyoweka mwilini. Lakini makaa peke yake hayaamui moto uwe mkubwa au mdogo. Kuna ule mlango mdogo wa chini wa kupitisha hewa. Ukiufungua sana, makaa yanaisha upesi. Ukiufunga, yanakaa mpaka asubuhi na sufuria haichemki. Homoni za tezi ni mkono unaofungua na kufunga mlango huo. Zikipungua, moyo unapiga polepole, matumbo yanatembea polepole, joto linashuka, akili inachelewa. Zikizidi, kila kitu kinakimbia.

Na tezi yenyewe haijiamrii. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo inayotuma amri kwa homoni iitwayo TSH. Hapa wengi tulichanganyikiwa tulipoonyeshwa karatasi ya labo, maana TSH ya mama ilikuwa juu sana na sisi tukadhani basi tezi inafanya kazi sana. Kumbe kinyume. TSH ni sauti ya mkubwa wa kazi. Mfanyakazi akilala, mkubwa anapiga kelele. Mfanyakazi akizidisha, mkubwa ananyamaza. Kwa hiyo, mara nyingi, TSH ya juu ni tezi iliyolegea, na TSH ya chini kabisa ni tezi iliyopita kiasi.

Tukauliza swali ambalo na ninyi mnalo: mtu anakula kidogo, anavimbaje? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mbabula yake imefungwa, kile kidogo anachokula hakichomwi sawasawa. Lakini hiyo si sehemu kubwa. Munganga alituambia kwamba uzito unaoongezeka kwa sababu ya tezi kulala, kwa kawaida, ni wa kilo chache, mbili mpaka tano hivi, na sehemu yake kubwa ni chumvi na maji yaliyozuiliwa mwilini. Si mafuta ya nyama na mchele. Ule uso wa duara tulioushitaki ulikuwa umejaa maji.

Na hapa ndipo tuliona aibu. Sisi wote tulipita kambini. Nani hapa hajaona mtoto mwenye kwashi? Miguu imevimba, mashavu yamejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hakuna mama wa Nyarugusu wala Lugufu ambaye angemwona mtoto yule na kusema, "Huyu ameshiba." Tulijua kwamba mwili wenye njaa unaweza kuvimba. Tulijua kwa watoto, tukasahau kwa mama mjane.

Mwanachama wa pili ni baba, mvuvi, na naye ameturuhusu. Yeye alikuwa kinyume. Alikuwa na goita tangu ujana wake kule milimani, haikumsumbua. Mwaka huu alianza kukonda, huku anakula kuliko vijana wake. Mke wake alituambia: "Anakulaka sahani mbili za bugali, na usiku anaamka anatafuta kiporo." Hakuna aliyemwamini mke. Ukoo wa mume ulimketisha, ukamwuliza kwa nini anamnyima mtu wao chakula. Mitaani walisema ni ukimwi. Wengine walisema karuho, na wakaanza kutaja majina ya watu, na mnajua hapa kwetu majina yakishatajwa yanaishia wapi. Alipima virusi, hakuna. Mikono ilitetemeka mpaka hakuweza kushona wavu. Moyo unapiga kama amekimbia, na amekaa. Jasho usiku. Choo mara tatu, nne kwa siku.

Tezi yake ilikuwa imefungua mlango wa mbabula wote. Goita ya zamani yenye mafundo inaweza kufika siku ambapo baadhi ya mafundo yanaanza kutengeneza homoni bila kungoja amri ya mkubwa.

Basi tuko na watu wawili, wa kartie moja, wanaokula sombe ileile na dagaa walewale. Mmoja hana hamu na anavimba, mwingine yuko na hamu ya simba na anaisha. Hamu ya kula inatoka wapi? Sisi tulidhani inatoka tumboni na katika tabia ya mtu. Mlafi ni mlafi. Kumbe hamu nayo iko na wajumbe wake, na wajumbe hao wanazungumza na tezi.

Tutaje wawili tu. Mwaka 1999, kule Japani, watafiti walipata homoni inayotoka kwenye ukuta wa tumbo, wakaiita grelini. Inapanda kabla ya kula na inashuka ukishakula. Ni kama mtoto anayelia mlangoni. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1994, watafiti wa New York walikuwa wamepata nyingine iitwayo leptini, na hiyo inatoka kwenye mafuta ya mwili yenyewe. Leptini inapeleka habari za ghala: ubongo, tuko na akiba, tulia. Ghala likipungua, leptini inashuka na ubongo unaanza kutafuta chakula.

Sasa mngedhani kwamba yule baba mvuvi, kwa njaa yake yote, grelini yake ingekuwa juu. Waganga nao walidhani hivyo. Walipopima watu wenye tezi iliyozidi, waliona grelini iko chini, na ilirudi juu walipotibiwa. Njaa ile haikuwa inaanzia tumboni. Majaribio ya panya yanaonyesha njia nyingine: T3 kidogo ikiwekwa moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia hamu, panya anakula zaidi. Kwa leptini habari si rahisi. Vipimo vya watu wenye ugonjwa wa tezi havikubaliani, wengine iko juu, wengine chini, kwa sababu leptini inafuata zaidi wingi wa mafuta mtu aliyonayo. Hatutawadanganya kwamba kuna hesabu moja safi.

Lakini kuna upande mmoja wa leptini ambao uko wazi, na huo unatuhusu sisi wote tuliomo humu ndani, wagonjwa na wazima.

Mtu akikosa chakula siku nyingi, leptini inaanguka. Ubongo ukisikia ukimya huo, unapunguza amri kwa tezi ya shingo, T3 inashuka, mlango wa mbabula unafungwa. Unapunguza pia amri za uzazi. Mwili umeamua kuchoma kidogo ili ufike mbali. Mwaka 1996 watafiti waliwanyima panya chakula huku wakiwachoma sindano ya leptini, na homoni zao za tezi hazikuanguka kama za wenzao waliokosa sindano. Kumbe ile habari ya ghala ndiyo iliyokuwa inafunga mlango.

Wazee, kumbukeni barabara. Kumbukeni tulipokimbia, wengine kwa miguu, wengine tukingoja mtumbwi usiku, siku ngapi kwa majani na viazi vibichi. Mnakumbuka baridi ile? Tulikuwa tunatetemeka mchana. Bamama waliacha kuona siku zao miezi mingi na wakafikiri wamefungwa uzazi. Watu walikaa chini ya mti hawataki kuinuka, na wenzao wakawaita wavivu. Huzuni ilikuwepo, hatuikatai. Ila ndani ya miili ile kulikuwa na mlango uliofungwa makusudi ili mtu asife njiani.

Hapo kuna onyo kwa wanaosoma karatasi za labo, hata wafadhili wanaotusaidia kuzilipa. Mtu aliyekonda kwa njaa, au anayeumwa sana ugonjwa mwingine, anaweza kuonyesha T3 ya chini na tezi yake ni nzima. Dawa yake ni chakula, au kutibu ule ugonjwa mwingine. Ukimpa vidonge vya tezi, unafungua mbabula ya mtu asiye na makaa.

Tuseme kidogo juu ya sombe na chumvi, kwa sababu swali litakuja. Nchi yetu imejulikana duniani kwa goita. Kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, ni mahali ambapo watafiti waliofanya kazi kutoka Lwiro, miaka ya 1960, waliona jambo la ajabu: kaskazini ya kisiwa goita nyingi sana, kusini-magharibi chache, na pande zote mbili iodi ni haba. Kwa nini basi? Walifuata njia hiyo mpaka wakafika kwenye muhogo. Muhogo mchungu una sumu, na mwili ukiivunja unabaki na kitu kinachozuia iodi kuingia kwenye tezi. Hatusemi muache muhogo, tutakula nini? Loweka siku zake zote, usikate kwa sababu soko liko kesho. Anika mpaka ukauke. Majani ya sombe yatwange na yachemke kabisa. Tulipokuwa Tanzania waliyaita kisamvu na kuyatwanga vilevile. Na ununue chumvi yenye iodi, ile ya pakiti, uifunike isipate maji wala jua, uitie sufuria ikikaribia kutoka. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Ni kidogo mno: gramu moja ya iodi ingemtosha mtu mzima mmoja zaidi ya miaka 18. Lakini mtoto wa tumboni akiikosa, akili yake inaumia, na hiyo hairudi.

Tena hapana kukimbilia iodi ya chupa kwa sababu mmesikia hivi. Wenye goita ya zamani, tezi iliyozoea njaa ya iodi inaweza kupokea nyingi ghafla na kupita kiasi. Mwaka 1996 jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, liliandika juu ya watu wa kwetu Kivu waliopata hivyo baada ya chumvi yenye iodi kuingia. Chumvi ile inabaki ni nzuri kwa wote. Mwenye uvimbe wa shingo apimwe tu, na akiona moyo unakimbia asikae nyumbani.

Sasa vidonge vya soko. Bamama, mnacheka, mnajua tunakokwenda. Yule baba mvuvi, kabla ya kupimwa, alinunua vidonge vya kunenepesha, vile vinavyouzwa kwenye sinia pamoja na sabuni na betri. Mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mizio ambayo inaongeza hamu, au deksametazoni, au vyote pamoja. Mtu ambaye hamu tayari imezidi anameza dawa ya hamu! Deksametazoni ilimjaza mashavu, na ukoo wakasema, oneni, amepona. Ndani moyo unaendelea kukimbia. Dawa hiyo inapandisha sukari ya damu, na mtu aliyeimeza muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuanguka. Kuna pia wanaotafuta vidonge vya tezi ili kupunguza mwili. Vinaharibu moyo na mifupa. Kama jirani yuko na vidonge hivyo kwa sababu anaumwa, hapana kumwomba hata kimoja.

Wagonjwa wetu wanaendeleaje? Mama anameza levotiroksini kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, halafu anangoja nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Alikuwa anameza pia vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma, wakati uleule. Muuguzi akavitenganisha kwa saa nne, maana vinaizuia dawa kuingia. Haikuwa muujiza wa siku tatu. Wiki mbili za kwanza alisema hakuna kitu. Dawa hii inaenda polepole, na kila kipimo kikibadilishwa wanangoja wiki sita hivi kabla ya kupima tena TSH. Mwezi wa pili pete ilitoka. Sauti imerudi, na wanaokaa naye kartie moja wanasema imerudi zaidi ya kiasi. Na hamu imerudi. Huyu mama tuliyemfuta kwa sababu anakula sana, sasa amepona ndipo ameanza kula vizuri, na mwili wake umepungua.

Baba anameza karbimazoli, na kidonge cha kutuliza moyo. Ameambiwa jambo ambalo tunalirudia hapa: akipata homa au koo kuuma, aache karbimazoli na aende siku ileile kituo cha afya apimwe damu, asingoje kesho. Anarudisha kilo. Munganga amemwonya kwamba mlango wa mbabula ukishafungwa, hamu inaweza kuchelewa kutulia, kwa hiyo sahani mbili zirudi kuwa moja hata kama tumbo linabisha. Anashona nyavu tena. Ukoo wake bado haujamwendea mke. Hilo tunawaachia wazee wa ukoo waliomo humu, wametusikia.

Upande wetu, komite imefanya haya. Mama amerudishiwa mgawo wa mara mbili uliokatwa, wote, unga kwa unga, na haukutoka kwenye fungu la mtu mwingine. Tuliukata kwenye posho zetu za mikutano. Tulikwenda kwake sote saba kuomba msamaha, na yule aliyecheka alisema yeye wa kwanza. Leo tunauomba mbele yenu.

Orodha ya watu dhaifu haitatengenezwa tena kwa kutazama miili. Mtu akishitakiwa kwamba amenenepa, ataitwa, atakaa, atapewa maji, ataulizwa anakula nini na anasikia nini mwilini, na muuguzi atakuwepo. Mtu akikonda na anakula, vilevile. Hatutakubali tena kusikia jina la mchawi kabla ya karatasi ya labo.

Kipimo chenyewe ndicho shida. Hapa Baraka hatukuweza kukifanya, damu ilisafiri, na usafiri uligharimu kuliko kipimo. Mkutano ukikubali, tunapendekeza sehemu ya kotizasio ya miezi mitatu ijayo ilipie safari hiyo kwa watu watakaochaguliwa na muuguzi, si na sisi. Na kwenu wafadhili: mama huyu atahitaji kidonge kila siku, pengine maisha yake yote. Tunaogopa msaada unaokuja miezi sita ukakatika. Ni afadhali mtuambie mtaweza watu wawili kwa miaka mingi kuliko ishirini kwa msimu mmoja.

Muuguzi amebaki nasi mpaka Jumamosi. Atakaa nyuma ya ukumbi, kwenye chumba cha viti. Bamama wajawazito wenye uvimbe wa shingo waende kwanza, halafu waliojifungua mwaka huu na wanasikia uchovu au moyo kukimbia kusikoisha, maana baada ya uzazi tezi inaweza kuyumba. Njoo na pakiti ya chumvi ya nyumbani kwako, anataka kuona imeandikwa nini. Sasa mwekahazina, karibu na daftari.